Mstari Niliousugua kwa Kijiwe

Wiki iliyopita mmoja wenu, jina lake sitalitaja ila ana mwanya na anajua ninamsema yeye, alirudi kutoka sokoni Morogoro amenuna. Mnunuzi alikipindua chungu chake, akaona alama ya kidole gumba kitakoni, akauliza kama huku kwetu kijiwe cha kulainishia kimetuishia. Binti akaja kwangu macho yamemvimba. "Bibi, si wewe uliyenikataza nisiisugue?"

Ni mimi. Chungu cha kwanza cha kila mmoja wenu nimekiacha hivyo, na sababu sikuwahi kuisema kwa kuwa ina aibu yangu ndani yake. Sasa nimezeeka na aibu nayo imepungua makali. Nimemwita mjukuu wangu aliyesoma, nimempa kalamu, nimemwambia aandike ninavyosema wala asinitengenezee.

Nianze na ulimi, maana ndio ulionipa kazi. Nimewafundisha kulamba udongo kabla ya kuuchimba, nanyi mnafumba macho kama mnaomezeshwa mwarobaini. Udongo ukikwaruza meno una mchanga mwingi, chungu kitavuja. Ukiteleza mno kama bamia, utapasuka ukikauka, mpaka uchanganye na vigae vilivyopondwa. Ukiwa na chumvi, uteme na uhame. Mama Mkubwa, dada wa marehemu mama yangu, ndiye aliyenifundisha hayo, kwa gunzi la hindi. Gunzi hilo lilikuwa na kazi mbili: kuchora nakshi kwenye shingo ya chungu, na kunipiga vidole kila nilipotaka kupeleka motoni chungu chenye mikwaruzo. "Chungu kisicholainishwa ni matusi kwa ukoo," alikuwa akisema. Kijiwe changu cha kusugulia nilikuwa nacho kiunoni muda wote, na mkono wangu ulijifunza kukifuata hata nikiwa nawaza mengine. Kumbukeni hilo, litarudi.

Enzi za Mjerumani, reli ilipokwisha kufika mjini, watu wa serikali walitaka nyumba za matofali, na matofali yanataka udongo mzuri. Wakauona wetu. Shimo hili mnalochimba leo, hapa chini ya Bigwa, ni la ukoo wetu, la lukolo kama tusemavyo kwa Kiluguru, na ardhi kwetu inapita kwa mama. Bibi yangu alilishika, akampa Mama Mkubwa, naye alikuwa akinitazama mimi. Wajerumani wakachukua upande wa magharibi. Upande wa mashariki wakasema utachukuliwa ukihitajika. Mjomba wetu alikwenda bomani kutusemea. Alirudi akaomba maji ya kunywa, na hilo ndilo jibu tulilopata. Baadaye tukasikia kwamba neno la upande wa mashariki litatoka kwa msimamizi wa matofali: akisema anauhitaji, umekwenda. Basi wanawake kumi na wawili wa ukoo tukawa tunafinyanga huku tunamchungulia mzungu mmoja.

Msimamizi huyo tulimwita Bwana Tofali. Alikuwa mrefu, mkimya, na ndevu zake zilikuwa na tope siku zote. Tanuri lake la kwanza lilitoa vigae vitupu. Mnyapara wake Juma, mtu wa Bagamoyo, akaeleza kwamba milima ya Uluguru ina mashetani yasiyopenda matofali. Mimi nilikuwa napita na kikapu cha udongo kichwani. Nikaokota kipande, nikakilamba.

"Mashetani hayamo," nikasema. "Mmechimba juu mno, mmechukua mizizi na chumvi. Halafu matofali mnayaanika juani kama dagaa."

Juma akacheka. Bwana Tofali hakucheka. Aliokota kipande kingine, naye akalamba, akakitafakari mdomoni kwa muda. "Mwanamke huyu anasema kweli," akasema kwa Kiswahili chake kilichonyooka mno. "Kesho aje kazini."

Hivyo nikapata kazi isiyo na jina. Wanaume walichimba, wakakanyaga tope, wakafyatua. Mimi nililamba. Niliwaambia wachimbe chini ya kimo cha goti, walaze udongo na maji siku nne, wayaanike matofali kivulini chini ya makuti. Tanuri la tatu likatoka zima, matofali yanalia ngaa ukiyagonga. Juma akasema mashetani yamehama.

Ilikuwa wakati wa kusubiri udongo ulale ndipo Bwana Tofali alipoanza kutusimulia Wasumeri. Kabla ya kuja kwetu alikuwa amefanya kazi ya kuchimbua miji iliyofukiwa na ardhi, katika nchi ya mito miwili, ile inayoitwa Iraki. Wasumeri ndio walioijenga, zamani sana, kabla ya manabii wengi tunaowajua. Nchi yao haikuwa na mawe wala miti ya mbao. Ilikuwa na matope. Basi kila kitu wakafanya kwa matope. Nyumba, matope. Mundu wa kuvunia shayiri, udongo uliochomwa. Barua waliandika kwenye udongo, kisha wakaitia ndani ya bahasha, nayo ya udongo, ikabidi anayeipokea aivunje kama yai. Walisema hata binadamu alifinyangwa na miungu yao kwa udongo ili awafanyie kazi.

"Miungu yao imepotea, lakini kuhusu kufanyishwa kazi sikatai," akasema Juma.

Pombe yao ilikuwa ya shayiri, waliinywa wakiwa wamekizunguka chungu, kila mtu na mrija wake. Mama Mkubwa alikuwa amekuja siku hiyo kuniangalia kama bado nina heshima zangu. Akauliza jambo moja tu: chungu hicho kilifinyangwa na nani? Bwana Tofali akasema hajui. "Basi hujui lolote," akasema Mama Mkubwa, akaendelea kusikiliza.

Siku nyingine alituambia kwamba, kwa kuwa nchi yao ilikuwa tambarare kabisa, Wasumeri walijenga mlima wa matofali, ngazi juu ya ngazi, na juu yake wakaweka nyumba ya mungu wao. Mama Mkubwa akageuza shingo, akaitazama Uluguru yote, kutoka huku mpaka kule, ikiwa na mawingu yake kichwani.

"Wangetuambia," akasema. "Tungewapa mmoja."

Na walikuwa na shule. Watoto walikwenda asubuhi na mkate wao, wakafundishwa kuandika kwa tete kwenye udongo mbichi. Aliyechelewa alichapwa, aliyezungumza alichapwa, mwenye mwandiko mbaya alichapwa. Juma alifurahi sana kusikia hivyo. Alidhani kiboko kililetwa na Wajerumani, kumbe ni kitu cha asili.

Mimi hayo yote niliyasikia kama hadithi, mpaka siku Bwana Tofali aliponionyesha kibao. Alikitoa ndani ya kijisanduku cha sigara, kimefungwa kwa sufu. Kilikuwa cha udongo mkavu, mviringo, unene na ukubwa wa kitumbua. Juu yake kulikuwa na mistari miwili ya alama zilizodidimizwa, mmoja juu na mmoja chini. Juma alichungulia akasema kuku kapita. Sikuuliza kimeandikwa nini. Kwangu mimi maandishi yalikuwa ya shehe au ya boma, na yote mawili hayakuwa ya kuulizwa na mwanamke mwenye tope. Nilichouliza ni hiki: "Kimechomwa?"

"Hapana," akasema. "Ni kibichi. Miaka elfu nne, kibichi."

Nilishtuka. Sisi chungu kibichi tukikisahau nje siku moja ya mvua, kesho yake tunakuta tope. Kisha akanipa kioo chake cha kukuzia, akanielekeza ukingoni, chini ya mstari wa pili. Hapo palikuwa na alama ya kidole gumba. Kidogo, cha mtoto. Mistari ya ngozi ilionekana yote, ikizunguka kama maji yanayoingia kwenye shimo. Mtoto alikishika kibao chake kikiwa laini kama unga wa ngano uliokandwa, akabonyeza, basi. Mfinyanzi anakijua kidole. Nilihisi kama nimeshikwa mkono.

Halafu masika ikaja. Mnaijua masika ya hapa, hata chumvi ya jikoni inalia. Asubuhi moja Bwana Tofali alinijia na kijisanduku mkononi na uso umemshuka. Kibao kilikuwa kimeota ukungu mweupe. Nikaulamba kidogo: chumvi. Udongo wa nchi ile ulikuwa na chumvi ndani tangu zamani, na unyevu wetu ulikuwa unaivuta nje. Aliniambia kwamba hata mashamba ya Wasumeri yaliharibika hivyo. Walimwagilia miaka na miaka, chumvi ikapanda, shayiri ikashindwa. Sasa chumvi ileile ilikuwa imekifuata kibao chao mpaka Morogoro.

"Mimi lazima niende Mikese siku tatu," akasema. "Wewe unajua udongo. Ukae nacho. Kikauke polepole, kivulini. Usitie moto. Usitie maji. Nikirudi nitakwenda bomani kusema neno la shimo lenu."

Hakuyaunganisha mambo hayo mawili. Mimi niliyaunganisha.

Siku ya kwanza nilikiweka kwenye ungo wenye majivu makavu, ndani ya nyumba, na chumvi ikapungua. Ningeacha hapo, leo ningekuwa na hadithi fupi na dhamiri safi. Siku ya pili nikaona chumvi imebaki sehemu ya chini, nikasema nipanguse kidogo kwa kitambaa chenye unyevu. Unyevu si maji, nilijiambia. Nikakaa mlangoni na kibao mapajani. Juma akapita akaanza kunieleza jinsi mke wake wa Bagamoyo alivyo mpole kuliko wanawake wa Kiluguru. Nami nikamjibu. Niliinua kichwa, nikamjibu kwa urefu, kwa sababu alistahili. Nilimtajia wanawake wa Kiluguru mmoja mmoja na sifa zao.

Nilipoinamisha kichwa tena, kijiwe kilikuwa mkononi mwangu.

Sikumbuki kukitoa kiunoni. Mkono ulishika udongo wenye unyevu, ukakuta mikwaruzo, ukafanya ulichofundishwa kwa gunzi miaka yote. Mstari wa chini ulikuwa umekwenda. Kidole cha mtoto kilikuwa kimekwenda. Pale mahali palikuwa laini, panang'aa, kazi safi kabisa. Mama Mkubwa angenisifu.

Juma akachungulia. "Dada Mwajuma," akasema kwa sauti ndogo, "sema panya."

"Panya analainisha?"

Akafikiri. "Sema panya wa Kiluguru."

Hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano, walipigwa wanaume kwa makosa madogo kuliko hilo, lakini si kiboko kilichonitia hofu. Niliona shimo. Niliwaona wanawake kumi na wawili wamekaa bila udongo kwa sababu mimi nilitaka kumshinda Juma kwa maneno. Nikaingia ndani, nikafunga mlango, nikafanya kosa la pili, ambalo lilikuwa la makusudi.

Nilikuwa nimeona kwamba ule mstari wa chini ulifanana na wa juu, ila ulikuwa umepinda. Wa juu ulikuwa umebaki. Nikachonga tete la mto Ngerengere, nikalikata ncha pembe tatu, nikafanya mazoezi kwenye tope la kawaida tangu adhuhuri mpaka alasiri. Si kazi ngumu kwa mtu aliyetia nakshi kwenye shingo za vyungu tangu utotoni. Unadidimiza, unainua, huburuzi. Kisha nikalainisha pale chini kwa kitambaa, nikanakili alama zote za mstari wa juu, moja baada ya moja, zimenyooka kama jembe jipya. Kwa kuwa kilibidi kishikwe, nilikishika ukingoni, nikabonyeza kidole gumba changu palepale palipokuwa na cha mtoto. Kidole changu kina kovu la moto, mnaliona. Nikakirudisha kwenye majivu.

Mama Mkubwa alikuja jioni. Nikamwambia kila kitu, kwa sababu yeye alikuwa ananijua hata nikinyamaza. Alikipeleka kibao mlangoni penye mwanga, akakigeuza.

"Kazi nzuri," akasema. Kisha akakaa chini kwa shida, magoti yakilia. "Mwanangu, mtu huyu amekupa kitu chake ukilinde. Akirudi anakwenda kutusemea. Tukilishika shimo kwa uongo, kila chungu kitakachotoka humo utakiogopa."

"Na tukilikosa kwa ukweli?"

"Mfinyanzi hulia gaeni," akasema. "Tumezoea."

Bwana Tofali alirudi na homa na matope ya Mikese. Hakunawa. Alikichukua kibao, akaweka kioo jichoni, akatazama juu, akatazama chini. Alikaa hivyo mpaka chai yake ikapoa. Nilikuwa nimejiandaa kusema, lakini yeye akanitangulia.

"Mwajuma," akasema mwishowe. "Unajua hiki ni nini? Ni daftari la shule. Mstari wa juu ameandika mwalimu. Wa chini ameandika mwanafunzi, ananakili. Mwanafunzi huyu alikuwa mbaya. Alama zake zililala, moja aliisahau. Miaka elfu nne mtoto huyu anaandika vibaya." Akakiweka kibao mezani polepole. "Amekaa kwako siku tatu, amefaulu."

Juma, aliyekuwa mlangoni, akaondoka bila kuaga.

"Si yeye, Bwana," nikasema. "Ni mimi." Nikamweleza kitambaa, maneno ya Juma, kijiwe, tete. Nikamwonyesha kidole changu chenye kovu. Alikitazama kidole, akakitazama kibao. Nilitegemea apige kelele, nilijua kelele za wazungu, zinaanza na kwisha. Hakupiga.

"Mstari naweza kuuandika mimi mwenyewe," akasema. "Upo juu yake. Kidole hakipo juu, hakipo chini, hakipo mahali popote. Alikuwa mtoto mmoja. Hakuacha kitu kingine."

Nikalia. Sikulia kwa hofu ya shimo, hofu ilikuwa imenipita. Nilimlilia yule mtoto, aliyechapwa kwa mwandiko mbaya, akakaa ardhini muda wote huo salama, mpaka akakutana na mwanamke hodari.

Siku mbili hakunisemesha. Siku ya tatu mtu wa boma alikuja na kamba ya kupimia, akaanza upande wa mashariki. Wanawake wote tulikuwa shimoni, tumeshika udongo kama watu wanaoaga. Bwana Tofali akaja anatembea kwa fimbo, homa bado anayo.

"Upande huu usipimwe," akamwambia. "Hapa pana shule."

Mtu wa boma akatutazama, tumejaa tope mpaka kwenye nywele. "Shule? Mwalimu yuko wapi?"

Hakuna aliyetuandaa. Mama Mkubwa, ambaye hakuwahi kuona darasa maishani mwake, akainuka, akampiga binti wa jirani yake vidole kwa gunzi, pigo moja safi. "Sugua," akamwambia.

Mtu wa boma aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeona kitu anachokijua. Akaandika, akakunja kamba yake. Neno hilo liliandikwa kwenye karatasi ya boma, na Waingereza walipokuja baada ya vita wakalikuta, wakaliacha kwa sababu nao hupenda shule. Ndiyo maana mna shimo.

Bwana Tofali aliendelea kunipa kazi na kunisimulia Wasumeri. Kibao hakunipa tena kukishika, na sikumlaumu. Vita vilipofika aliondoka nacho. Aliwahi kuniambia kitaishia kwenye nyumba ya vitu vya kale huko kwao, watu wenye elimu wakitazame kwa vioo. Kama kilifika, basi wanamsoma mwanafunzi mmoja wa Sumeri mwenye mwandiko mzuri, aliyewahi kuungua kidole. Sina namna ya kuwaomba radhi.

Nimefinyanga maisha yangu yote. Nimevunja vyungu vya harusi, nimechoma vingine vikawa makaa, na vyote nimevisahau. Kidole kile sijakisahau. Ndiyo maana chungu chako cha kwanza, wewe mwenye mwanya, nilikilainisha shingo na tumbo, nikafika kitakoni nikaurudisha mkono wangu kwa nguvu. Vya pili na kuendelea sugueni mpaka ving'ae, nitawapiga msipofanya. Mnunuzi yule akirudi, mwambie kijiwe tunacho, tena kizuri. Kisha mwonyeshe ile alama, umwambie hapo nilishika mimi.